Nesi na Usingizi wa Wanangu Wawili

Mtaani kwetu Nguvumali, Tanga, kila mtu alimwita Nesi, ingawa mimi nilipohamia pale alikuwa ameshastaafu. Niseme ukweli mapema, isije ikaonekana namsifu kwa kuwa hatuko jirani tena: mwanamke huyu aliniudhi kwa miaka sita. Aliniudhi asubuhi kwa maswali yake, na jioni ndiyo kabisa, maana jioni ndipo alipokuja kusimamia namna ninavyowalaza wanangu.

Hakupiga hodi. Alikohoa mara moja kwenye mlango wa ua, akavua kandambili zake, akaingia.

"Wodi inaendeleaje?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Nikimwamkia, "Shikamoo, mama," ataitika "Marahaba" huku macho yake yameshafika chumbani kwa watoto.

"Mmoja kalala, mmoja bado."

"Bado nani?"

Alijua fika ni nani. Mwanaisha, mkubwa, alikuwa mtoto wa kulala kama taa inavyozimwa. Ikifika saa moja na nusu, awe anakula, awe anaoga, kichwa kinaanza kuning'inia. Mara mbili nimemtoa punje za wali puani kwa sababu alisinzia juu ya sahani. Lakini ukimwamsha katikati ya usingizi, basi tena. Atalia mpaka midomo ikauke, na kesho yake shuleni atakuwa mzigo kwa mwalimu. Mdogo wake, Bakari, tulimpata tukiwa tumeshahamia Nguvumali, na tangu akiwa wa kubebwa mgongoni jua likizama yeye ndiyo anapambazukiwa. Atataka maji. Atataka kukojoa. Atataka kujua kwa nini kuku hana masikio. Wawili hawa nilikuwa nawalaza kitanda kimoja cha futi nne kwa sita, chini ya neti moja, kwa sababu kitanda kilikuwa hicho na neti ilikuwa hiyo.

Baba yao anaendesha lori la machungwa. Hupakia Muheza akashusha Dar es Salaam, na kwa wiki moja analala nyumbani siku mbili au tatu. Kwa hiyo kazi ya kulaza ilikuwa yangu, baada ya kutwa nzima kwenye cherehani Ngamiani, mgongo unaniuma na macho yamechoka kutunga uzi. Nilichotaka duniani kilikuwa kidogo sana. Nilitaka saa mbili usiku watoto wote wawili wawe wamelala, nikae dakika ishirini na kikombe changu cha chai bila mtu kuniita mama. Badala ya dakika ishirini nilikuwa nampata Nesi.

Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea haraka kama mtu anayeitwa. Juu ya kanga alibandika ile saa ya manesi inayoning'inia kifuani, na aliitazama kila alipozungumza nawe, hata ukimpa habari ya msiba. Zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi hospitali, na kwa maelezo yake karibu yote ilikuwa zamu ya usiku; hata alipostaafu, taa yake iliwaka usiku kucha. Wenzake walikuwa na waume wakali na watoto wadogo, yeye hakuwa na wa kumkataza. Alizaliwa wapi, watu wake ni nani, hakunisimulia, nami sikuuliza. Nilichojua ni mikono yake. Ilinuka sabuni ya dawa, na iliweza kutandika shuka ikabana pembeni kiasi kwamba Mwanaisha alikuwa anapiga mateke kwanza ndipo apate pa kuingiza miguu.

Alikuwa na masharti ya kulala, na masharti yalibadilika. Bakari alipoacha kunyonya aliniambia watoto wa tumbo moja walazwe pamoja, saa moja, kitanda kimoja, kwa sababu wanaolala pamoja hukua wakisikilizana. Nikamfuata. Nilivuta subira nikawalaza pamoja miezi na miezi. Bakari akizungumza, dada yake akiamka, dada yake akilia, mimi nikilia jikoni. Siku moja Nesi akasimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, akatikisa kichwa.

"We mwana, nani alikwambia uwalaze hawa pamoja? Wa mapema na wa kuchelewa hawachanganywi. Mtenge mmoja."

"Mama, si wewe mwenyewe uliyenambia?"

"Mimi?"

"Wewe. Hapo hapo uliposimama."

Akaitazama saa yake. "Sijasema," akasema, akaenda zake.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikacheka peke yangu, kicheko kile ambacho mtu akikuona atakuombea dua.

Na alikuwa hivyo kwa kila jambo. Alikataza peremende mtaa mzima, lakini mfuko wa gauni lake haukukosa kashata, na watoto walijua. Kuna jirani mmoja nyumba ya tatu alikuwa anamtisha mwanawe kwamba asipolala atakuja kuchukuliwa na jini. Nesi alisikia. Alikwenda mchana kweupe, akamsimamisha yule mama mbele ya mtoto wake na kumfanya amwambie, "Nilikudanganya, hakuna jini." Yule mama aliona haya wiki nzima. Mimi nikamwona Nesi ni shujaa, mpaka jioni ile ile nilipomsikia chumbani kwangu akimwambia Bakari, "Anayefumbua macho nampiga sindano."

Nilipomuuliza tofauti iko wapi, hakuwa hata na haja ya kufikiri. "Sindano ipo. Jini umeliona wapi?"

Hata alipotufaa alituudhi. Jioni moja Mwanaisha alilala kabla ya Magharibi, bila kula, nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba angalau leo ni mmoja tu wa kushughulika naye. Nesi akakohoa mlangoni, akaingia, akapeleka mkono kwenye shingo ya mtoto.

"Huyu hajalala," akasema. "Huyu anaumwa. Vaa."

Ilikuwa malaria, na daktari alisema tumewahi. Nesi alikaa nasi hospitalini mpaka dripu ya kwanza ikaisha, akisahihisha wauguzi vijana mpaka mmoja akamwomba kwa adabu akae nje. Njiani kurudi akaanza: neti inafunguliwa mara ngapi kwa usiku? Mdogo anatoka mara ngapi kukojoa? Nani anaichomeka tena? Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilitamani nimwambie anyamaze. Bakari alikuwa anatoka na kuingia kitandani kama mtu mwenye duka, na kila akitoka neti inabaki wazi upande wa dada yake.

Baada ya ugonjwa ule nikawa mkali. Nilijaribu kila kitu alichosema Nesi na kila kitu alichosema mtu mwingine. Maji ya uvuguvugu. Mafuta ya nazi kwenye nyayo. Maziwa ya moto na iliki. Mwanaisha, ambaye hakuhitaji lolote kati ya hayo, alilala vizuri zaidi. Bakari alikunywa maziwa, akapata nguvu. Nikamkataza kuzungumza kitandani, akawa anaimba. Mwalimu wa Mwanaisha akaniita: mtoto anasinzia darasani, jana kaangusha kichwa juu ya dawati mpaka mdomo ukapasuka. Aliniuliza, kwa upole ule wa mtu aliyeshahukumu, kama nyumbani kuna amani.

Usiku wa siku ile nilimpiga Bakari. Si kofi la kuonya. Nilimpiga kwa hasira, mgongoni, na alinyamaza ghafla kwa namna ambayo bado naikumbuka. Nesi alikuwa ameshaingia uani. Alipita mbele yangu, akamchukua Bakari, akakaa naye barazani mpaka alipochoka mwenyewe. Aliponirudishia alisema tu, "Lala na wewe." Nilimchukia kwa lile neno moja kuliko kama angenitukana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizungukia kwa kuwa si jepesi kulieleza.

Tangu Bakari alipotimiza miaka miwili, Nesi ndiye aliyekuwa anakaa naye mchana. Mimi nakwenda Ngamiani, Mwanaisha shuleni, Bakari ukuta wa pili, kwa Nesi. Alijitolea mwenyewe, alisema mtoto wa kiume kwenye duka la cherehani atameza vifungo. Nami kwa miaka karibu mitatu nilimwachia mwanangu kila siku na sikuuliza hata mara moja wanafanya nini. Nilimkuta jioni kaoga, kala, nywele zimechanwa, nikaona inatosha. Mwanaisha, tangu aanze kutoka shule saa nane, alikuwa anapitia dukani kwangu, tunarudi wote.

Siku moja umeme ulikatika Ngamiani, watu wa umeme wakasema haurudi mpaka usiku. Cherehani yangu ni ya umeme. Nikafunga, nikarudi nyumbani mapema, na njiani nikanunua mihogo ya kukaanga nimpe Nesi kama asante. Ilikuwa kama saa kumi kasoro. Mwanaisha aliingia kwetu, mimi nikapita kwa Nesi. Mlango wake wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Nikaita kwa sauti ndogo, kimya. Nikasukuma pazia la chumbani.

Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa kanga mbili mbili, chumba giza kama usiku. Nesi amelala chali, mdomo wazi kidogo, saa yake imewekwa juu ya stuli. Mwanangu kalala juu ya mkono wake, amezama kabisa, jasho puani, anapumua ule upumuaji mzito ambao mimi kitandani kwangu sikuwahi kuusikia kabla ya saa tano ya usiku.

Nilisimama pale na mihogo yangu. Nikaona miaka yote mitatu imepangwa mbele yangu: maziwa, iliki, mafuta ya nazi, neti, malaria, mdomo wa Mwanaisha uliopasuka, mgongo wa Bakari. Nikapiga kelele.

"Mama!"

Aliinuka mara moja, kama aliyeitwa kwa mgonjwa. Bakari akaanza kulia.

"Kila siku?" nikamuuliza. "Kila siku analala hivi?"

"Kila siku, baada ya kula."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi na moja hivi. Mtoto mdogo hulala mchana, Mama Mwanaisha. Nani asiyejua?"

"Saa nne nzima! Halafu jioni unakuja kwangu kuniuliza wodi inaendeleaje! Unakuja kunifundisha mafuta ya nyayo, na huku unajua!"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Nani angefikiri? Wewe hulali usiku, unalala mchana, basi na mwanangu umemweka zamu yako!"

Nilisema na mengine. Nilimwambia kwamba asiye na mtoto wa kumlaza asiwafundishe wenye watoto. Hilo nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu lilipotoka aliacha kujifunga kanga, mikono ikabaki hewani. Kisha akamaliza kujifunga, akachukua saa yake kwenye stuli, akaibandika kifuani.

"Viatu vyake viko mlangoni," akasema.

Kesho yake nilikwenda na Bakari Ngamiani. Hakumeza kifungo chochote. Mchana nilimzuia asilale kwa kila hila, na siku tatu za kwanza alikuwa kama mlevi, anaanguka kwenye vitambaa. Wiki ya pili, saa mbili na robo usiku, alilala. Nilikaa na kikombe changu cha chai nikausikiliza ukimya wa nyumba, nikasema moyoni, nimeshinda.

Nilishinda siku tisa. Mwanaisha, kwa kuwa sasa analala bila kukatizwa, akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri, mzima, mchangamfu, anajifunza kuhesabu kwa sauti, na Bakari, ambaye hata alale saa ngapi asubuhi ni adui yake, anaamka akipigana. Kilio kilihama tu kutoka usiku kwenda alfajiri. Mwisho nilinunua godoro dogo nikamhamishia Mwanaisha chumbani kwangu. Nikawatenga, kama nilivyoambiwa na mtu ambaye sasa nilikuwa nampa shikamoo ya ukutani tu, nikipita bila kusimama.

Hakuja tena jioni. Siku za Jumapili nikiwa nyumbani nilikuwa nasikia ufagio wake. Baada ya adhuhuri, jua la utosi, wakati ambao kila mtu amejificha ndani, Nesi anafagia ua. Anamaliza, anakaa kidogo, anaanza tena. Nilidhani ananikomoa. Nilimwambia mume wangu, "Unasikia? Anataka nijue yupo." Mume wangu, ambaye hulala popote anapoweka kichwa na kwa hiyo hana msaada wowote katika mambo haya, akasema, "Mwache mzee wa watu afagie."

Ilipita kama miezi minane. Mpwa wake, mwanamke wa umri wangu, mnene, mpole, alikuja na pikapu kumchukua kumpeleka Muheza. Alikuja kwangu kuomba kamba ya kufungia kabati. Tukawa tunafunga mizigo pamoja, Nesi mwenyewe ameshakaa mbele kwenye gari, anatazama mbele.

"Tumeona tumchukue," mpwa akasema. "Ameanguka bombani mara mbili. Daktari anasema ni kukosa usingizi."

"Lakini yeye usiku siku zote halali," nikasema.

"Usiku, ndiyo, tangu alipoacha kazi. Alijaribu vidonge, alijaribu kila kitu. Mchana pia ilikuwa hivyo hivyo, miaka. Halafu alipoanza kukaa na yule mtoto ndiyo akawa anapata saa tatu, nne. Alitupigia simu kutuambia, unajua? Kama mtu aliyepata kazi. Anasema akimlaza mtoto na yeye anachukuliwa. Sasa mtoto kaanza shule, basi, imerudi. Mchana kutwa anafagia tu ili asijilaze akaanza kuwaza."

Nesi alikuwa amewaambia kwamba mtoto ameanza shule.

Sikumsahihisha. Nilifunga kamba mpaka ikaniumiza vidole. Nilitaka kwenda kwenye dirisha la gari niseme neno, na nilipofika nikasema, "Safari njema, mama," na yeye akasema, "Ahsante," na gari likaondoka. Nilijikasirikia jioni ile, na nikamkasirikia na yeye pia. Ni mtu gani anashindwa kusema, mwanao ananisaidia kulala? Angesema, tungepanga. Saa moja badala ya nne. Lakini kusema hivyo ni rahisi kwangu, mimi ambaye kwa miaka mitatu sikuuliza.

Nilimwona mara moja zaidi. Likizo ya mwaka huu mume wangu alisema amemkuta Nesi huko Muheza akinunua machungwa, kamuulizia Bakari. Nikamchukua Bakari, ambaye sasa kweli yuko darasa la kwanza, tukaenda. Nyumba ya mpwa iko nyuma kidogo ya soko, na harufu ya machungwa inafika mpaka ndani. Nesi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Amepungua. Bakari alimwamkia vizuri, akapewa kashata, na kabla hajaimaliza akaona watoto wa nyumba ile wanacheza mpira, akatoka. Alimwona Bibi Nesi wake kwa dakika tatu labda. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Mwache," Nesi akasema. "Analala saa ngapi?"

"Saa tatu. Dada yake saa mbili kasoro. Vyumba mbalimbali."

"Si nilikwambia."

"Ulinambia."

Tukachambua mchele. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu stendi ya Tanga, nikayatoa yote kwa mkupuo: kwamba siku ile nilikosa adabu, kwamba nilisema neno la mtoto ambalo halisemwi, kwamba mpwa wake alinieleza na mimi sikujua, na laiti ningejua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kijiwe kwenye mchele akakiweka pembeni.

"Mtoto ni wako. Kumchukua ulikuwa na haki," akasema. "Na mimi nilijua anakusumbua usiku. Sikuwa mjinga. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nalala." Akarudi kuchambua. "Kwa hiyo usije ukanifanya mimi mtu mwema leo."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimekuja kusamehewa, na sasa nilipewa kitu cha kusamehe, na sikujua nikishike vipi. Hasira ikanijia upya, ile ile ya pazia la chumbani, na juu yake huruma, na vyote viwili vikanikaa kifuani vikigombana. Nikashindwa kuchagua. Nikauliza kitu cha kwanza kilichonijia.

"Na sasa unalala, mama?"

Aliinua uso akanitazama. Hakutazama saa.

"Miaka sita nakuja kwako kila jioni," akasema. "Leo ndiyo umeniuliza."

Akausogeza ungo upande wangu, kwa kuwa macho yake hayaoni tena vizuri vile vijiwe vidogo, akaniambia nimalizie mimi.